Vifaa vya Barabara Vitokanavyo na Mafuta: Uvumbuzi, Matumizi na Tatizo la Lami ya Foleni Mpakani Malaba na Busia

Mada iliyotolewa katika semina ya mafundi wa barabara, wasimamizi wa wadi na wadau wa usafirishaji, Nambale, Kaunti ya Busia



Nimeombwa nizungumzie uvumbuzi katika uchimbaji wa mafuta na vifaa vya barabara vitokanavyo na mafuta hayo. Mada ni pana kuliko muda niliopewa. Nitapita mbio kwenye tunayoyajua sote ili nifike panapotuuma. Maoni ni yangu kama mtu wa maabara ya vifaa, na yasichukuliwe kuwa msimamo wa ofisi yoyote.

1. Maelezo ya msingi

Mafuta ghafi yakichemshwa kwenye mtambo, petroli, mafuta ya taa na dizeli hupanda na kutolewa kila moja kwa kiwango chake cha joto. Kinachobaki chini, kizito na cheusi, ndicho lami. Ikichanganywa na kokoto ingali moto hupatikana tabaka la juu la barabara kuu. Ikilegezwa kwa mafuta ya taa hupatikana MC-30 ya kupaka juu ya msingi. Ikisagwa ndani ya maji yenye dawa ya kuishika isitengane, hupatikana emalshani kama K1-60, ambayo humwagwa bila kuchemshwa sana. Barabara zetu ndogo za wadi zinahitaji emalshani hiyo. Hapo hakuna geni kwa yeyote aliyemo humu.

2. Uvumbuzi kwa ufupi

Mwaka 1859 Edwin Drake alichimba kisima cha mafuta cha mita 21 hivi huko Titusville, Pennsylvania. Mwaka 1902 Mwingereza Edgar Purnell Hooley alipata hataza ya kuchanganya lami ya makaa ya mawe na mawe ya taka za tanuri la chuma. Magari yalipoongezeka na mitambo ya kusafisha mafuta ikazagaa, lami itokanayo na mafuta ghafi ilichukua nafasi ya ile ya makaa. Emalshani ilisajiliwa Uingereza mwaka 1922. Miaka ya 1960 Wajerumani walibuni mchanganyiko ambao kokoto kubwa hugusana na kubebana zenyewe, lami ikijaza nafasi tu. Nchini Kanada, Roger Butler alionyesha namna ya kupeleka mvuke chini kwa kisima kimoja cha mlalo ili mafuta mazito yalegee na kutiririkia kisima kingine kilicho chini yake.

Uvumbuzi unaotuhusu zaidi leo haukufanyiwa kisimani. Kati ya 1987 na 1993 Wamarekani waliendesha utafiti mkubwa wa barabara uliozaa utaratibu wa kuchagua lami kwa kuangalia joto la mahali na mwendo wa magari. Barabara ya magari ya kasi hupewa daraja lake, ya mwendo wa polepole hupandishwa daraja moja, na ya magari yanayosimama hupandishwa zaidi. Naomba jambo hilo likumbukwe, kwa sababu mapendekezo yangu mengi yanatoka hapo.

Kabla sijaendelea, nijibu swali ninaloulizwa kila mahali: mafuta ya Turkana yakianza kutoka kwa wingi, je, lami itashuka bei? Tangu kisima cha Ngamia-1 mwaka 2012 tumejua kwamba mafuta ya Lokichar, huko Turkana, yana nta nyingi. Yale ya Uganda yako vivyo hivyo, ndiyo maana bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Tanga lilisanifiwa lipashwe moto ili yasigande njiani. Mafuta ya nta hayatoi lami nzuri ya barabara. Zaidi ya hayo, mtambo wa Changamwe uliacha kusafisha mafuta mwaka 2013. Lami tutaendelea kuinunua ng'ambo kwa dola, na kitu kinachonunuliwa kwa dola hakifai kumwagwa mahali kisipoweza kudumu.

3. Tatizo lenyewe: lami na lori lililosimama

Bomba la mafuta kutoka Mombasa lilifika Eldoret na Kisumu mwaka 1994. Kutoka hapo, sehemu kubwa ya petroli na dizeli ya Uganda, na ya majirani walio nyuma yake, husafiri kwa malori ya tangi kupitia Malaba na Busia. Ongeza kontena za kutoka bandarini, na mzigo wote huo unakutana kwenye mageti mawili.

Tulipofunguliwa kituo cha pamoja cha mpakani Busia mwaka 2018, wengi walidhani foleni imezikwa. Kweli ilipungua. Lakini mtandao wa forodha ukikwama, au kanuni ikibadilika upande mmoja, foleni hurudi siku hiyo hiyo. Mwaka 2020, na tena Januari 2022, upimaji wa madereva kwa ajili ya Korona ulirudisha malori nyuma makumi ya kilomita kutoka Malaba. Foleni si ajali ya kupita. Ni hali ya kawaida ya barabara hii, na ilipaswa kuingizwa kwenye hesabu za usanifu kama tunavyoingiza mvua.

Tukumbuke tabia ya lami. Ukiigonga kwa haraka ni ngumu, ukiikalia, inatiririka. Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, kina jaribio lililoanza mwaka 1927: donge la lami ngumu, ambalo nyundo hulivunja vipande, limewekwa kwenye faneli. Linadondoka tone moja kila baada ya miaka kama kumi. Sasa tupige hesabu ya Malaba. Tairi la lori linalokwenda kilomita 60 kwa saa huwa juu ya sehemu moja ya lami kwa muda usiofika sekunde moja ya hamsini. Lori hilo likisimama saa moja, lami hiyo imebebeshwa mzigo kwa muda mrefu zaidi ya mara laki moja. Adhuhuri ya Februari, uso mweusi wa barabara ukipita nyuzi 50, lami ya kawaida inakaribia kiwango chake cha kulainika. Haina ujanja ila kukimbia chini ya tairi.

Uzito nao una lake. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari inaruhusu tani 56 kwa lori zima na tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi pacha. Majaribio ya Illinois ya 1958 hadi 1960 yalionyesha kwamba madhara hupanda kwa takriban kipeo cha nne cha uzito: ekseli ikizidisha asilimia 20, uharibifu unakuwa kama mara mbili. Hata hivyo, kila tukilalamika tunajibiwa kuhusu mizani. Mizani ya Webuye na Busia ifanye kazi yake, lakini lori lenye uzito halali kabisa, likisimama kutwa juani, linaiumiza lami ile ile.

Adui wa tatu hutajwa kwa nadra, naye ni dizeli. Lami na dizeli zimetoka pipa moja la mafuta ghafi, na dizeli huiyeyusha lami. Foleni ni mahali ambapo tangi linavuja, mfuniko umelegea, na dereva anaongeza mafuta kwa jerikeni. Atakayetoka kwenda kuangalia achukue msumari wa inchi nne. Kwenye lami kavu msumari utagoma. Asogee hatua mbili kwenye doa jeusi linalong'aa, pale matangi ya malori yanaposimama kila siku: msumari utazama kwa kusukumwa na kidole gumba, na kokoto zitang'oka kwa kucha. Kisha alaze rula ya mita tatu kukatiza barabara. Chini ya rula ataona mitaro miwili ya magurudumu, na pembeni lami iliyosukumwa juu kama tuta la viazi. Mvua ikinyesha, mitaro hiyo hushika maji, na bodaboda anayejaribu kuvuka tuta huku trela likimfuata ndiye anayelipa gharama.

Tunatengenezaje? Tunakwangua, tunaweka mchanganyiko ule ule wenye lami ile ile, tunapiga rola, tunapaka mistari, tunapiga picha. Mitaro inarudi. Nimeshiriki vikao vingi kuhusu suala hili, na majibu ninayapata kwa zamu: lami yenye polima ni ghali, zege ni la viwanja vya ndege, mwongozo hausemi hivyo, tusubiri mradi mkubwa. Wakati mmoja ofisi niliyoiandikia ilinijibu kwa adabu kwamba pendekezo ni zuri na limehifadhiwa. Simlaumu mtu. Ila nasema wazi kwamba kosa liko kwenye karatasi kabla halijafika barabarani: orodha ya kazi na bei huandika tabaka moja kutoka mwanzo wa mkataba hadi getini, kana kwamba lori linalopita na lori linalolala ni mzigo mmoja.

Suala la gharama nalo litazamwe upya, kwa kuhesabu pia matengenezo yanayorudiwa. Zege halitiririki kwa joto wala haliyeyushwi na dizeli. Nairobi imekuwa na barabara ya zege ya Mbagathi tangu katikati ya miaka ya 2000. Na sisi tulio mpakani tunaishi karibu na Tororo, ambako saruji inachomwa tangu miaka ya 1950.

4. Mapendekezo

i. Kilomita za foleni zitambuliwe rasmi kwenye usanifu kama sehemu ya peke yake, Malaba na Busia pia.

ii. Kilomita za mwisho kabla ya geti zijengwe kwa zege.

iii. Maegesho ya malori yawekwe kabro au zege, kamwe si lami tupu.

iv. Pale ambapo zege haliwezekani, itumike lami yenye polima, katika mchanganyiko wa kokoto zinazobebana.

v. Lami ichaguliwe kwa joto na mwendo wa magari, ikipandishwa daraja pale magari yanaposimama.

vi. Bei zilinganishwe kwa miaka 20 pamoja na marudio ya matengenezo, wala si kwa bei ya siku ya zabuni.

vii. Kila lori la lami lipimwe linapofika kazini, na maabara iwe na nguvu ya kulirudisha.

viii. Kuongeza mafuta kwa jerikeni kwenye foleni kupigwe marufuku, na patengwe mahali maalumu penye sakafu ya zege.

ix. Mizani iendelee kubana, ila isitumiwe kama jibu la kila swali.

x. Idara za forodha zipewe taarifa ya hasara ya barabara kila foleni inaporefuka, ili wajue saa zao zinagharimu nini.

xi. Barabara za wadi, zikiwemo zinazopitisha trela za miwa hapa Nambale, zitumie emalshani juu ya murram iliyoimarishwa, na vijana wetu wafunzwe kuimwaga.

xii. Narudia: kilomita za foleni zisanifiwe peke yake. Likifanyika hili moja tu, mengi ya hapo juu yatafuata.

5. Hitimisho

Kila lita ya petroli na dizeli inayouzwa nchini inalipiwa ushuru wa matengenezo ya barabara, ambao tangu Julai 2024 ni shilingi 25. Mwananchi wa Nambale anaulipa sawa na wa Nairobi, kwa hiyo ana haki ya kuuliza kwa nini pesa hiyo inarudi kila mara kwenye mitaro ile ile. Nawaomba wenzangu mlio na kalamu ya kuandaa zabuni: safari ijayo, kabla hamjanakili ukurasa wa zabuni iliyopita, nendeni Malaba saa saba mchana mkiwa na rula na msumari. Baada ya hapo andikeni mlichokiona.