Askari Akirudi Ukambani, Zahanati Imtambue

Tangu Oktoba 2011, Jeshi la Ulinzi la Kenya lilipovuka mpaka kuingia Somalia, barabara ya Garissa imekuwa njia ya kurudia nyumbani. Askari wa Kitui anayeifuata hushuka Mwingi, begi begani, na wengi wetu huhesabu kwamba safari yake imekwisha. Haijesha. Aliyenusurika shambulio kama lile la kambi ya El Adde nchini Somalia, Januari 2016, huweza kurudi bila jeraha la kuonekana, ila usiku hapati usingizi na mlango ukibamizwa hushtuka. Anayeyaona hayo ni mkewe, si daktari wa jeshi aliye Nairobi.

Kwa hiyo kaunti za Ukambani kama Kitui na Makueni zina wajibu wao. Kuna watakaosema ulinzi ni kazi ya serikali ya kitaifa. Ni kweli, lakini Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti zahanati na vituo vya afya, na huko ndiko mke huyo atakakokimbilia. Makueni ilikwisha kuthubutu makubwa zaidi: mwaka 2016 ilianzisha mpango wa afya ambao familia ililipa shilingi 500 kwa mwaka. Kumfunza muuguzi kutambua dalili za kiwewe si mzigo. Wengine watasema askari aliichagua kazi na analipwa. Naam, lakini mshahara hulipia kazi, hautibu. Bajeti zijazo za kaunti hizi zitenge fungu la ushauri nasaha, na familia zihudumiwe pamoja naye.