Haki ya Mpangaji Katika Nyumba Iliyouzwa

HOTUBA YA KWANZA

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, aliyewajaalia waja wake nyumba zikawa mahali pa utulivu, akawahalalishia biashara na akawaharamishia dhuluma. Tunamshukuru, tunamwomba msaada na tunamwomba msamaha. Twashuhudia kwamba hapana apasaye kuabudiwa kwa haki ila Yeye, na twashuhudia kwamba Bwana wetu Muhammad ni mja wake na Mtume wake. Rehema na amani zimshukie yeye, na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, nakuusieni, nami najiusia nafsi yangu kwanza, kumcha Mwenyezi Mungu katika mambo ya siri na ya dhahiri, katika sala zenu na katika biashara zenu. Kwani mtu aghalabu hujulikana dini yake zaidi pale anaposhika fedha kuliko pale anaposhika tasbihi.

Ndugu zangu Waislamu, leo tutazungumza juu ya jambo linalotokea kila siku katika miji yetu, nalo ni kununua nyumba ambayo ndani yake wamo wapangaji. Mtu ameweka akiba miaka mingi, yeye na mkewe, akiba ya jasho. Anapata nyumba ya pande mbili: ukuta mmoja katikati, milango miwili, ua mmoja na mita moja ya maji. Nia yake ni njema. Anataka kukaa upande mmoja na watoto wake, na upande wa pili aupangishe, ili kodi yake imsaidie katika matumizi. Si jambo geni hilo. Nyumba zetu za Kiswahili, zenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku, zimezoea tangu zamani mwenye nyumba na wapangaji kuishi chini ya paa moja.

Lakini nyumba hiyo haiko tupu. Pande zote mbili zina watu. Huku yupo mama mjane na wanawe, wanasoma shule ya hapo mtaani. Kule yupo fundi aliyelipa kodi ya miezi sita kwa pamoja, kama wenye nyumba wengi wanavyotaka siku hizi. Mnunuzi anatoa fedha yake, anatiliana saini na muuzaji, na kesho yake anagonga mlango, anasema: "Nyumba sasa ni yangu. Nakupeni siku saba mhame."

Je, ana haki ya kusema hivyo? Hilo ndilo suala letu la leo.

Sikilizeni, ndugu zangu. Wanavyuoni wetu wametofautisha vitu viwili: nyumba yenyewe, na manufaa ya nyumba, yaani kukaa ndani yake. Mwenye nyumba anapompangisha mtu kwa muda maalumu, nyumba hubaki yake, lakini manufaa ya muda ule amekwisha kuyauza kwa kodi. Sasa akija kuiuza nyumba, atauza nini? Atauza kile kilichobaki mkononi mwake. Hawezi kuuza mara ya pili siku ambazo amekwisha kumuuzia mpangaji. Na mnunuzi hawezi kupokea kwa muuzaji kitu ambacho muuzaji mwenyewe hana.

Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijria, ameieleza hukumu hii katika kitabu chake Minhaj, kinachojulikana sana katika vyuo vya pwani yetu. Kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Imamu Shafii ni kwamba nyumba iliyopangishwa yafaa kuuzwa kwa mtu mwingine asiyekuwa mpangaji, na kwamba mkataba wa upangaji hauvunjiki kwa mauzo hayo. Mpangaji hubaki mpaka muda wake utimie. Ama wanavyuoni wa Kihanafi wamesema kwamba mauzo hayo hayatimii juu ya mpangaji ila kwa ridhaa yake, au muda wake umalizike. Tazameni: madhehebu yamekhitalifiana katika njia, lakini yote mawili hayakumpa mnunuzi ruhusa ya kumtoa mpangaji kabla ya muda wake.

Na asili ya hukumu hii imo katika Kitabu cha Mwenyezi Mungu. Aya ya kwanza ya Sura al-Maida inawaamrisha wenye kuamini watekeleze mapatano yao. Na katika Sura al-Qasas tunapewa habari za Nabii Musa, amani imshukie, alipoajiriwa na mzee wa Madyan kwa miaka minane, na mzee akamwachia hiari ya kuitimiza kumi. Tuzingatie hapo, ndugu zangu: minane ilikuwa wajibu, na miwili iliyozidi ilikuwa hisani. Basi ndivyo ilivyo katika nyumba. Muda uliopatanwa ni haki ya mpangaji, si fadhila ya mwenye nyumba. Na muda unaozidi hapo ni hisani ya mwenye nyumba, si haki ya mpangaji. Mwenye kuyachanganya mawili haya, awe huyu au yule, amedhulumu.

Sasa tuingie katika wajibu wa kila mmoja.

Wajibu wa kwanza ni wa muuzaji, nao ni kusema kweli. Katika Hadithi aliyoipokea Hakim bin Hizam, waliyoithibitisha Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) ametufunza kwamba wauzianao wakisema kweli na wakabainisha, biashara yao hutiwa baraka, na wakificha na kusema uwongo, baraka huondolewa. Muuzaji anayesema, "Hao watatoka tu, usijali," hali anajua kwamba amepokea kodi ya miezi sita, huyo ameficha aibu ya bidhaa yake. Na wanavyuoni wa Kishafi wamesema kwamba mnunuzi asiyejua kuwa nyumba imepangishwa, akijua baadaye, ana hiari ya kuyavunja mauzo na kurudishiwa fedha yake, au kuyaridhia na kungoja. Akiridhia, basi hana dai la kodi ya muda uliobaki.

Wajibu wa pili ni wa mnunuzi, nao ni kuuliza na kutazama. Katika madhehebu yetu, kauli yenye nguvu ni kwamba haifai kununua kitu mahususi ambacho hukukiona. Huwezi kununua nyumba kwa kuitazama ukiwa barabarani, kwa sababu tu wapangaji wamo ndani. Lakini papo hapo aya ya 27 ya Sura an-Nur inatukataza kuingia nyumba zisizokuwa zetu mpaka tubishe hodi na tuwasalimu wenyewe. Na vyumba vya mpangaji, maadamu muda wake haujaisha, ni maskani yake na sitara ya watu wake. Muuzaji asimwingize dalali na wateja chumbani kwa mjane kwa kuwa tu ana ufunguo wa pili. Aende mapema, aombe ruhusa, wapatane siku na saa. Hivyo mnunuzi atakuwa ameona, na mpangaji atakuwa amehifadhiwa.

Na akiwa humo, mnunuzi amwulize mpangaji mwenyewe mbele ya muuzaji: Unalipa kiasi gani? Umelipa mpaka mwezi gani? Ulitoa amana? Ulitoa kilemba? Je, mna karatasi? Masuala haya matano, kuyauliza ni dakika chache, na kutoyauliza ni kesi ya miaka.

Wajibu wa tatu ni hesabu. Tuchukue mfano. Fundi analipa kodi ya Sh. 200,000 kwa mwezi, naye amelipa Sh. 1,200,000 za miezi sita kuanzia tarehe 1 Januari. Nyumba inauzwa tarehe 1 Machi. Miezi minne imebaki, yaani Sh. 800,000, na fedha hiyo imo mfukoni mwa muuzaji. Mnunuzi hatapata kodi hiyo kwa fundi, kwani fundi amekwisha kulipa, na kumtoza mara ya pili ni dhuluma iliyo wazi. Wala hatapata kukaa upande ule kabla ya Julai. Basi mnunuzi mwenye akili hulitia jambo hili katika bei. Husema, "Nyumba hii kwangu ina upungufu wa miezi minne, nipunguzie." Wakipatana, waandike, kwani aya ya 282 ya Sura al-Baqara imetuamrisha kuandika madeni yetu na kuweka mashahidi, na mkataba wa nyumba una haja zaidi ya karatasi kuliko madeni madogo.

Na itakuwaje ikiwa mnunuzi ana haja ya haraka, labda naye anatolewa alikopanga? Hapo mlango wa sulhu uko wazi. Wakutane watatu, muuzaji, mnunuzi na mpangaji, waandikiane. Mpangaji akiridhia kuhama kabla ya muda wake, arudishiwe kodi ya miezi aliyoiacha, na akipewa kitu juu yake cha kumwezesha kuhamia kwingine, ni halali yake. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha nne kilichofanyika Jeddah mwaka 1988, ilijadili habari ya kilemba ikatoa uamuzi. Ilisema kwamba fedha ya mkupuo anayotoa mpangaji mwanzoni mbali na kodi yafaa, kwa sharti ihesabiwe kuwa ni sehemu ya kodi ya muda uliopatanwa. Maana yake ni hii: aliyetoa kilemba cha Sh. 1,200,000 kwa miaka miwili, akatolewa kwa mapatano baada ya miezi kumi na minne, sehemu ya miezi kumi iliyobaki, yaani Sh. 500,000, nayo iingie katika hesabu.

Lakini kikao hicho hicho kilisema neno la pili, na wapangaji walisikilize vizuri. Mpangaji ambaye muda wake umekwisha, na mkataba haukufanywa upya, hana haki ya kudai fedha ili atoke. Mwenye mali ana haki zaidi ya mali yake. Kukaa kwa nguvu katika nyumba ya mtu, ukingojea akupe fungu ndipo utoke, ni kula mali ya watu kwa batili, hata kama unayemkalia ni tajiri.

Na waliopanga mwezi kwa mwezi bila ya karatasi, nao wasitupwe njiani. Sheria za nchi zina hukumu zake, na Mwislamu hana budi kuzifuata. Nchini Kenya, kwa mfano, Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inasema kwamba upangaji wa vipindi huvunjwa kwa taarifa isiyopungua kipindi kimoja. Alipaye kwa mwezi apewe taarifa isiyopungua mwezi. Kila mmoja na aulize sheria ya mahali alipo kabla ya kutoa fedha. Na mwezi ndio mpaka wa chini wa sheria. Mpaka wa ihsani uko juu zaidi. Mjane mwenye watoto shuleni, kumngojea mpaka muhula ufungwe si hasara mbele ya Mwenyezi Mungu.

Nasema maneno yangu haya, na ninamwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yangu na yenu na Waislamu wote. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe.

HOTUBA YA PILI

Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake mwaminifu.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, mcheni Mwenyezi Mungu. Tumesema juu ya kununua. Sasa tuseme kidogo juu ya kukaa. Siku mnunuzi atakapohamia upande wake, na mpangaji akabaki upande wa pili, watakuwa na mafungamano mawili: la mkataba na la ujirani. Kodi ni haki ya mwenye nyumba, lakini haimnunulii unyonge wa jirani yake. Mtume (S.A.W.) ameusia juu ya jirani wasia mzito sana, hata akahimiza, katika Hadithi ya Abu Huraira, mtu asimzuie jirani yake kuegemeza boriti katika ukuta wake. Basi vipi yule anayefunga maji kwa sababu kodi imechelewa siku tatu? Vipi anayeng'oa mlango au kuezua bati ili mpangaji achoke ahame mwenyewe? Huyo amemwudhi jirani, amevunja ahadi, na amefichua sitara ya wake za watu, yote kwa pigo moja.

Wapatane mambo ya pamoja mapema: bili ya maji itagawanywa vipi, ua utafagiliwa na nani, shimo la choo likijaa nani atalipa. Matengenezo ya paa na kuta ni juu ya mwenye nyumba, kwani bila ya hayo manufaa aliyoyauza hayapatikani. Na mpangaji naye aitunze nyumba kama amana, alipe kwa wakati, na muda ukitimia atoke kwa salama, akabidhi ufunguo na aombe msamaha kwa aliyoyakosa.

Ndugu zangu, nyumba ambayo mlango wake umefunguliwa kwa machozi ya mayatima, mtu atalalaje ndani yake? Na nyumba iliyongojewa kwa subira miezi minne, Mwenyezi Mungu huenda akaitia baraka ya miaka arubaini. Nunueni, jengeni na kaeni, lakini ingieni kwa mlango wa haki.

Ewe Mola wetu, tusamehe sisi na wazazi wetu na Waislamu wote, walio hai na waliokufa. Ewe Mola wetu, wape makazi wasio na makazi, na uwape subira wenye kungoja. Zitie baraka riziki zetu za halali, na utuepushe na kula jasho la wengine. Tupe wema hapa duniani na kesho Akhera, na utujaalie makao ya kudumu katika Pepo yako, mahali ambapo hapana kodi wala kuhama. Amin.

Simamisheni sala, Mwenyezi Mungu akurehemuni.