Kutoka Luseni hadi Mbuga: Seleni katika Udongo, Chakula na Mwili
Mhadhara wa umma, Bariadi, Mkoa wa Simiyu



Nimekuja na mifuko miwili ya udongo. Mmoja umetoka juu mlimani, penye mawe makubwa. Wa pili umetoka bondeni. Wazee waliokaa mbele hawahitaji maelezo: ule ni luseni, na huu ni mbuga. Luseni ukiushika unachuruzika vidoleni kama chumvi. Mbuga ikilowa hung'ang'ania kiatu mpaka unatembea umebeba nusu ya shamba, na ikikauka hupasuka nyufa za kuingiza mkono mzima. Kati ya hizi mbili wakulima wa Usukuma wanazijua nyingine: ikungu, ibushi, itogolo. Kila jina linabeba habari za maji, jembe na zao linalofaa.

Leo naomba tuongeze habari moja juu ya majina hayo. Inahusu seleni, madini ambayo mwili hauwezi kuishi bila hayo, na ambayo hatuwezi kuyaona, kuyanusa wala kuyaonja katika ugali.

Seleni iligunduliwa mwaka 1817 nchini Sweden na mkemia Jöns Jacob Berzelius, aliyeipa jina la mwezi kwa Kigiriki. (Jina linasikika kama luseni, lakini hayana undugu.) Kabla haijajulikana kuwa na faida, ilijulikana kama sumu ya mifugo. Ni mwaka 1957 ndipo Klaus Schwarz, akifanya kazi Marekani, alipoonyesha kuwa wanyama wakiikosa kabisa wanaugua. Sasa tunajua kuwa mwili wa binadamu una jeni 25 za kutengeneza protini zenye seleni. Baadhi ya protini hizo huzima kemikali kali zinazounguza chembe zetu kutoka ndani. Nyingine huibadilisha homoni ya tezi ya shingo kuwa ile inayofanya kazi yenyewe. Mtoto asiye na iodini ya kutosha tunamjua kwa rovu shingoni. Asiye na seleni hana alama ya wazi ya kumtambulisha, na ndiyo sababu tumechelewa kumwona.

Mtu mzima anahitaji mikrogramu 55 hivi kwa siku. Fanyeni hesabu pamoja nami: kwa mwaka ni miligramu 20, kwa miaka hamsini ni gramu moja. Mahitaji ya karibu maisha yote ya mtu mzima hayafikii robo ya kijiko cha chai cha chumvi. Kwa kiasi kidogo hivyo, tofauti ya udongo wa shamba moja na lingine inakuwa jambo kubwa.

Majirani zetu wa Malawi, wanaokula ugali wa mahindi kama sisi, wameupima mlo wao kwa makini. Katika sehemu kubwa ya nchi hiyo mahindi yalikuwa na takriban miligramu 0.02 tu za seleni kwa kilo. Anayekula gramu 400 za unga kwa siku anapata mikrogramu 8 hapo, na zilizobaki azitafute kwenye mboga. Lakini kusini, katika bonde la chini la mto Shire, lenye udongo mweusi wa mfinyanzi na chokaa, mahindi yalikuwa na seleni zaidi ya mara kumi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliwalinganisha wanawake wa vijijini wa pande hizo mbili. Wa Zombwe, kwenye udongo wenye tindikali, walipata mikrogramu 6 hadi 7 kwa siku. Wa Mikalango, kwenye udongo mweusi, walipata takriban 55. Lishe yao ilitofautiana hivyo ndani ya nchi moja, kwa sababu ya ardhi iliyo chini ya miguu yao.

Sababu ni ya kikemia, na mkulima yeyote anaweza kuielewa. Katika udongo wenye tindikali, hasa ule mwekundu wenye chuma kingi, seleni hunaswa na chuma hicho kama samaki kwenye wavu. Ipo ardhini, lakini mzizi hauipati. Udongo ukiwa na chokaa na hewa ya kutosha, seleni hubaki katika umbo linaloyeyuka na kupanda na maji hadi kwenye mbegu. Ndiyo maana kupima jumla ya seleni ardhini hakutoshi. Lazima tupime punje.

Sasa rudini kwenye mifuko yangu. Mwaka 1935 mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyekuwa kituo cha Amani, Usambara, aliupa mpangilio wa udongo kutoka kilimani hadi bondeni jina la katena, yaani mnyororo. Vilima vya Usukuma ni miongoni mwa mifano ya mnyororo huo inayosomwa vyuoni duniani. Alichokipa jina la Kilatini wakulima walikuwa tayari wanacho kwa Kisukuma, pete kwa pete. Na kama kemia iliyofanya kazi bonde la Shire inafanya kazi bonde la Simiyu, basi watoto wa kaya mbili zinazoonana ng'ambo ya mteremko wanaweza kula ugali wa rangi moja wenye lishe tofauti kabisa. Kwa hiyo wastani wa mkoa ni kipimo kibovu. Mkoa huu ulioanzishwa mwaka 2012 una wilaya tano, na tofauti ninayoisema inaweza kuwa ndani ya kijiji kimoja.

Ziwa Victoria nalo lina sehemu yake. Samaki ni miongoni mwa vyakula vyenye seleni nyingi, na dagaa huliwa mzima, kichwa na mifupa. Familia ya Busega iliyo karibu na mwalo inaweza kuziba pengo la ugali bila kujua. Familia ya Meatu, mbali na ziwa, inayokula michembe na mlenda miezi ya kiangazi, haina bima hiyo mpaka inunue dagaa mnadani. Nimemwona mama mmoja akiwapima watoto wake dagaa kwa kuhesabu, watanowatano. Kwangu mimi, bei ya fungu la dagaa ni suala la afya ya umma sawa na bei ya dawa.

Najua swali linalofuata: kwa nini tusigawe vidonge? Nalijibu kwa uzito, maana wapo wanaoviuza tayari. Kwanza, Dar es Salaam wanawake wajawazito 913 wenye virusi vya UKIMWI walishiriki utafiti uliochapishwa mwaka 2008; baadhi walipewa mikrogramu 200 za seleni kila siku na wengine kidonge kisicho na dawa. Seleni haikupunguza kasi ya ugonjwa kwa mama, ingawa palikuwa na dalili ya vifo vichache kwa watoto waliovuka wiki sita. Pili, kaskazini mwa Kongo, wakati huo Zaire, watu waliokosa iodini na seleni kwa pamoja walipewa seleni peke yake, na hali ya tezi zao ikazidi kudorora. Ripoti ya mwaka 1991 ilionya waziwazi. Tatu, huko Enshi, China, katika miaka ya 1960, waliokula chakula chenye seleni kupita kiasi walipoteza nywele na kucha. Anayeishi kwenye mbuga huenda tayari anapata ya kutosha. Kumpa kidonge kwa sababu jirani yake wa luseni anahitaji ni kumkosea.

Kuna njia nyingine. Finland iliamua mwaka 1984 kuweka seleni kwenye mbolea, na kiwango chake katika damu ya watu kikapanda nchi nzima bila mtu kumeza kidonge. Sisi tunaweza kufanya hivyo pale tu ambapo mbolea inatumika na pengo limepimwa. Kanuni zetu za mwaka 2011 za kuongeza virutubishi zimeweka chuma na zinki kwenye unga wa mahindi, lakini familia inayosaga mahindi yake kwenye mashine ya kijijini haifikiwi na unga wa kiwandani.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo na linatekelezeka msimu huu. Maafisa ugani, wakati wa mavuno chukueni kikombe kimoja cha mahindi au mtama kutoka kila aina ya udongo katika kata yenu, tuvipeleke maabara. Tutumie mifuko safi, iliyokauka. Na juu ya kila mfuko, kabla ya jina la kijiji, muulizeni mwenye shamba udongo wake unaitwaje kwa Kisukuma, mkaliandike jina hilo kama alivyolitamka.