Majina Yaliyoandikwa Getini: Wapagazi wa Kilimanjaro, UVIKO-19 na Kinga ya Ajira za Utalii

Mjadala wa ajira za utalii zilizopotea wakati wa UVIKO-19 huanza na idadi ya watalii, nami nitaanzia hapo ingawa sitakaa hapo. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii 1,527,230 kutoka nje. Mwaka 2020 walishuka hadi 620,867, pungufu ya karibu asilimia 59. Benki ya Dunia, katika ripoti yake ya Julai 2021 kuhusu uchumi wa Tanzania, ilionyesha kuwa mapato ya sekta yalianguka kwa asilimia 72. Mei 2020, Dkt. Hamisi Kigwangalla, wakati huo Waziri wa Maliasili na Utalii, alitoa makadirio kwamba ajira za sekta hiyo zingeweza kushuka kutoka 623,000 hadi 146,000. Pigo lilikuwa kubwa, hakuna anayebisha. Lakini takwimu hizi zinaacha nje jambo linalonishughulisha zaidi: kwa nini wengi wa walioanguka walianguka moja kwa moja hadi chini, bila hata kamba moja ya kushika. Jibu ninalolitetea katika mada hii ni kwamba kirusi kiliwakuta wakiwa tayari hawana kinga yoyote, kwa kuwa kazi yao haikuandikwa mahali popote panapomwajibisha mtu. Na kwamba, kwa upande wa Mlima Kilimanjaro angalau, majina yao na fedha za kuwakinga vyote hupita getini kila siku. Kilichokosekana ni uamuzi wa kuviunganisha.

Tuutazame mlima wenyewe. Kilimanjaro hupokea wapandaji takriban 50,000 kwa mwaka wa kawaida, na mtalii mmoja huhitaji wapagazi watatu au wanne, mbali na mwongozaji na mpishi. Makadirio yanayotumika mara nyingi ni kwamba watu wapatao 20,000 huishi kwa upagazi huo. Asubuhi, katika geti la Machame, vijana hujipanga wakiwa na mabegi yao mgongoni wakisubiri kuitwa. Anayeitwa hupimiwa mzigo kwenye mizani, usizidi kilo 20 ukiacha vitu vyake mwenyewe, na jina lake huingizwa kwenye orodha ya kundi ambayo kampuni huikabidhi kwa hifadhi, kwa sababu naye hulipiwa kiingilio. Asiyeitwa hurudi nyumbani, au hungoja kundi linalofuata. Siku ya mwisho kundi hushukia Mweka, malipo hutolewa, bakshishi hugawanywa, na hapo uhusiano wa mwajiri na mwajiriwa umekwisha. Kabla ya janga kiwango kilichotambuliwa kilikuwa Sh 20,000 kwa siku, na malalamiko kwamba baadhi ya makampuni hulipa chini ya hapo yalisikika kila msimu. Mkataba wa safari ya siku saba ni wa mdomo. Ukiwa wa maandishi, ni wa siku hizo saba tu. Kijana huyu anaweza kupanda mlima mara ishirini kwa mwaka kwa miaka kumi mfululizo, na mbele ya sheria akaonekana hajawahi kuajiriwa hata mwaka mmoja.

Majira ya janga nayo yaliongeza makali, na jambo hili halijazungumzwa vya kutosha. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa nchini tarehe 16 Machi 2020, jijini Arusha. Katikati ya Machi ndipo msimu wa Desemba hadi Machi unapofikia tamati na masika kuanza. Kwa miezi miwili na zaidi inayofuata watu wa mlimani huishi kwa mkopo: duka la mtaani hukopesha unga na mafuta, mwenye nyumba huvumilia, ada ya shule huahidiwa, na wote hao hufanya hivyo kwa sababu wanajua Juni watalii watarudi. Mwaka ule Juni ilifika, watalii hawakufika. Ajira zilitoweka wakati akiba imekwisha na madeni yamefika kileleni. Ndiyo maana hesabu za mapato ya mwaka mzima huficha uchungu wa kaya: pengo la miezi michache ambalo kaya ilikuwa imeshajipanga kulivuka liligeuka pengo la mwaka na zaidi, tena likianzia mahali ambapo mfuko huwa mtupu kila mwaka.

Wapo wanaosema Tanzania ilijiepusha na balaa hili kwa kutofunga nchi. Hoja hiyo ina sehemu ya kweli. Safari za ndege za kimataifa zilisitishwa Aprili 2020, lakini anga ilifunguliwa tena tarehe 18 Mei, na Zanzibar ikapokea watalii tena kuanzia Juni, wakati majirani wengi walikuwa bado wamefunga. Hatua hiyo ilileta wageni ambao vinginevyo wasingekuja, na mwaka 2021 idadi ilipanda hadi 922,692. Hata hivyo, asilimia 59 ileile niliyoitaja ilitokea nchi ikiwa wazi kwa zaidi ya miezi saba ya mwaka 2020. Mtalii wa kupanda Kilimanjaro hutoka Ujerumani, Uingereza au Marekani, na uamuzi wa safari yake ulikuwa mikononi mwa serikali yake, bima yake na shirika lake la ndege. Tukifungua mlango wetu huku wa kwake umefungwa, hatoki. Funzo lake kwa sera ni zito: ajira hizi hutegemea maamuzi yanayofanyika mbali, ambayo hakuna waziri wetu, awe hodari namna gani, anayeweza kuyageuza. Hatari usiyoweza kuizuia huwekewa bima.

Je, bima ya namna hiyo haikuwepo? Kwenye vitabu ilikuwepo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi kiinua mgongo cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka aliotumikia, hadi miaka kumi, ili mradi amefanya kazi mfululizo kwa miezi 12. Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) nao una fao la kukosa ajira kwa mwanachama aliyechangia kwa muda uliowekwa. Hizi ni haki nzuri, na wafanyakazi wa hoteli wenye mikataba walikuwa na pa kuanzia kudai. Mpagazi hakuwa na miezi 12 mfululizo wala michango, kwa hiyo milango yote miwili haikumhusu. Linganisheni na kilichotokea Kenya. Mei 2020 Rais Uhuru Kenyatta alipotangaza mpango wa kuinua uchumi wa Sh bilioni 53.7 za Kenya, ndani yake zilikuwemo Sh bilioni 1 kwa ajili ya askari wa wanyamapori wa jamii 5,500, na Sh bilioni 1 nyingine kwa hifadhi za jamii 160. Sisemi mpango ule ulitosha, wala kwamba kila sehemu ya sekta ya utalii Kenya ilifikiwa. Vijana wa ufukweni Mombasa na Diani wana malalamiko yao. Ninachosisitiza ni kwamba askari 5,500 waliweza kutengewa fungu kwa sababu walikuwa wanahesabika: wana mahali pa kazi panapojulikana na mtu anayewatambua. Serikali yoyote inapogawa msaada kwa haraka, huanza na walio kwenye daftari.

Hapa huletwa pingamizi ambalo nimelisikia hata kwa watu wanaoupenda mlima kwa dhati, kwamba wapagazi wana mashamba, wana ndugu, wana VICOBA (vikundi vya kuweka na kukopa), na jamii zetu zina kinga zake za asili. Walirudi vihambani, yaani kwenye mashamba ya ukoo, wakalima, maisha yakaendelea. Ni kweli walirudi. Lakini kihamba cha Uchaggani kimegawanywa kwa watoto na wajukuu hadi kwa familia nyingi kimebaki eneo dogo la migomba, kahawa na ng'ombe mmoja wa zizini, na ilikuwa fedha ya mlimani iliyonunua dawa ya kahawa na pumba za ng'ombe huyo. Kijana aliyerudi kihambani mwaka 2020 alirudi kuongeza mlaji mahali ambapo yeye mwenyewe ndiye alikuwa mletaji. Kuhusu VICOBA, uzuri wake ni kwamba mmoja akipatwa, wengine humbeba. Kikundi cha vijana wa geti moja, wote wapagazi, hupatwa wote siku moja. Anayetaka kukopa ni kila mwanachama na anayeweza kurejesha hayupo. Hisa hugawanywa kabla ya wakati na kikundi huvunjika. Msiba unaogusa mtaa mzima hauwezi kubebwa na mtaa huohuo; lazima kuwe na fungu lililowekwa nje yake, wakati wa neema.

Sasa nifikie pendekezo. Kila mtalii anayepanda Kilimanjaro hulipa hifadhi ada ya uokoaji ya Dola 20 kwa safari, mbali na ada za uhifadhi na za kulala. Hakuna anayeipinga, kwa sababu kila mtu anaelewa kwamba mlima wa mita 5,895 unaweza kumdhuru mtu. Naomba tukubaliane kwamba mlima huohuo, kama sehemu ya kazi, unaweza kumdhuru mtu kwa namna nyingine: kwa kukosa wageni. Ada ya pili ya kiasi kilekile, ikitozwa kwa wapandaji 50,000, huleta Dola milioni 1 kwa mwaka. Kwa miaka kumi ya amani ni Dola milioni 10 kabla ya faida ya uwekezaji. Zikigawanywa kwa watu 20,000, kila mmoja hupata wastani wa Dola 500, ambazo kwa thamani ya shilingi ya mwaka 2020 zilikaribia Sh 1,150,000, sawa na malipo ya safari nane za siku saba. Haziwezi kumtajirisha mtu. Zinatosha kulipa deni la duka, kumbakiza mtoto shuleni na kumzuia kijana asiuze kipande cha kihamba kwa bei ya dhiki. Na orodha ya walengwa si ya kutafuta kwa tochi, kwa sababu ni ileile inayokabidhiwa getini. Tukiweka namba ya kitambulisho cha taifa kando ya kila jina, baada ya misimu miwili tutajua nani amepanda mara ngapi, na kila mmoja atastahili fungu kulingana na siku alizobeba.

Wenye makampuni watasema gharama zetu tayari ni kubwa na mtalii atakimbilia kwingine. Wasiwasi huu ulisikika kwa sauti kubwa Julai 2016, VAT ya asilimia 18 ilipoanza kutozwa kwenye huduma za utalii. Watalii walikuwa 1,284,279 mwaka ule. Mwaka 2017 wakawa 1,327,143 na mwaka 2018 wakafika 1,505,702. Oktoba 2024 Zanzibar ilianza kumtaka kila mgeni wa kigeni akate bima ya Dola 44 ya kampuni ya Serikali kabla ya kuingia, na visiwa havikukimbiwa. Ni haki kukiri kwamba kodi ikipanda bila kikomo, siku moja itamfukuza mgeni, na kwamba ukuaji wa 2017 ungeweza kuwa mkubwa zaidi bila VAT. Lakini Dola 20 kwa mtu anayelipa zaidi ya Dola 1,500 kwa safari nzima hazimbadilishii uamuzi, hasa akielezwa kwa maneno wazi zinakwenda kwa nani.

Pingamizi linalonipa shida zaidi ni la watu wa mlimani wenyewe: fedha hizo zitamezwa. Hawabahatishi. Sheria ya Fedha ya mwaka 2020 ilihamishia Mamlaka ya Mapato (TRA) ukusanyaji wa mapato ya mamlaka za hifadhi, yaani TANAPA, Ngorongoro na TAWA, yaende Mfuko Mkuu wa Hazina, na hifadhi zikabaki zikiomba bajeti katika mwaka uleule zilipodhoofika. Mkopo wa IMF wa kukabiliana na janga, wa Septemba 2021, takriban Sh trilioni 1.3, ulijenga madarasa ambayo watoto wetu wanayasomea leo, jambo la kheri kabisa. Sehemu ya utalii ilielekezwa zaidi kwenye miundombinu, na barabara ya hifadhini haimfikishii mpagazi mlo wa mwaka 2020. Kwa hiyo mfuko huu usiwe kasma ndani ya bajeti ya mtu. Tunao mfano wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi Julai 2015 kwa sheria yake, michango yake, na bodi wanamokaa Serikali, waajiri na wafanyakazi. Sheria ya mfuko wa mlima itaje kichocheo cha malipo kwa namba: kwa mfano, wapandaji wakishuka chini ya nusu ya wastani wa miaka mitatu kwa miezi miwili mfululizo, malipo yaanze bila kusubiri hotuba.

Najua mlima ni sehemu ndogo ya sekta. Mama anayefua mashuka ya hoteli Paje, dereva wa safari wa Arusha, muuza mboga anayepeleka matembele na mayai kwenye kambi, hawa hawapiti getini, na wa mwisho hata hoteli haimtambui kama mtu wake. Kwao njia itakuwa ngumu zaidi, pengine kupitia tozo ya kitanda kwa kila usiku, na suala la orodha litahitaji mada nyingine. Napendekeza tuanze na Kilimanjaro kwa sababu pale orodha ipo, ada inakusanywa na watalii wamerudi: mwaka 2024 nchi ilipokea watalii 2,141,895, zaidi ya kabla ya janga. Kikao hiki kinaweza kuamua mambo mawili leo, kiwango cha ada na nani akae kwenye bodi, kisha rasimu iende wizarani mapema ili ikishapita, makusanyo yaanzie msimu wa Juni.