ANTENA HAZIPAKWI OVYO
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mafundi wa rangi)



Tumeombwa kusema juu ya antena za ndege ndogo, kwa sababu mwenzetu mmoja wa rangi amekatwa mshahara kwa jambo hili, nasi tunaona hakutendewa haki.

Ndege ile ilikuwa Cessna kuukuu ya watu wanne, iliyovuliwa rangi yote hata bati likaonekana. Mwenye karakana alitaka ing'ae, akaleta rangi ya fedha. Mwenzetu akaambiwa, "Piga yote." Akapiga yote, na antena pia. Ndege iliporuka, rubani aliwasikia watu wa mnara kama walio ndani ya kisima, nao hawakumsikia kabisa.

Sababu ni hii. Rangi ya fedha ina unga wa aluminiamu, na mawimbi ya redio hayapiti vizuri katika madini. Ni kama kuifunika antena kwa sufuria. Zile antena za VHF zenye umbo la pezi la samaki zaweza kupakwa rangi isiyo na madini, lakini iwe nyembamba, na karatasi ya mtengenezaji iwe imeruhusu. Rangi ikirundikana, antena hutoka katika kipimo chake. Ile ndogo ya transponda, chini ya tumbo, hupeleka kwa megahezi 1090, na huko juu unene kidogo tu huleta matata. Ya GPS juu ya paa hupokea ishara dhaifu mno za setilaiti. Hiyo sisi hatuipaki. Tunaifunika kwa karatasi na kuiacha.

Tena liko kosa lisiloonekana: kupaka chini ya kitako cha antena. Hapo chuma lazima kigusane na bati, maana bati la ndege nalo lafanya kazi pamoja na antena. Na ile dawa kali ya kuvulia rangi isifike kwenye faiba, huila.

Mwenzetu angeyajuaje haya? Karatasi ya mtengenezaji ilikuwa kabatini ofisini, kwa Kiingereza, na ufunguo anao karani. Basi tumemwandikia mwenye karakana: fedha ya mwenzetu irudishwe, maagizo yabandikwe ukutani kwa Kiswahili, na fundi wa redio aitwe kabla rangi haijakorogwa. Amejibu kwamba ataangalia. Jumatatu tutakwenda watatu kumwuliza ameangalia nini.