Mti wa barabarani ni mali ya nani?

 Leo tuangalie jambo linaloumiza: hapa Kamina, iwe Dimayi au Sobongo, uwanja wa watoto unaamka asubuhi na vigingi vya parseli, mwembe wa kando ya barabara umekwisha kuwa makala.

Sheria ya ardhi ya Kongo ya tarehe 20 Julai 1973 iko wazi. Ardhi inayotumiwa na watu wote haipewi mtu kabla haijaondolewa rasmi katika matumizi ya umma. Nayo sheria ya misitu ya 2002 inahesabu misitu ya mijini kati ya misitu iliyotengwa rasmi (forêts classées).

Basi ukiona vigingi, usigombane na fundi. Yeye ametumwa tu. Muulize mwenye kujenga: karatasi ya kuondoa uwanja huu mikononi mwa umma iko wapi, ina saini ya nani, ya tarehe gani? Cheti cha parseli peke yake hakitoshi. Andikeni barua mkiwa majirani wengi, muipeleke kwa burgumesta na ofisi ya kadasta, mbaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Fanyeni hivyo mapema, msingi haujachimbwa bado.