Reli Hulindwa Mlimani



Mtu anayesimama katika stesheni ya Morogoro siku ya jua kali aweza kudhani kuwa mafuriko hayamhusu. Hata hivyo, mvua iliyonyesha Dodoma na Mpwapwa yaweza kuyasimamisha mabehewa ya mizigo mbele ya macho yake, ingawa hapa halijaanguka hata tone.

Sababu ni njia yenyewe. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Ili kupanda kutoka Kilosa kwenda Dodoma, wajenzi walifuata bonde la mto. Hivyo, kati ya Kilosa, Kidete na Gulwe, reli na mto vinagawana bonde moja. Kinyasungwe huteremka na mchanga wa Dodoma, Mkondoa huupokea, na maji yote huishia Wami.

Mto hauibomoi reli kwa nguvu ya maji peke yake. Mchanga ukijaa, kina cha mto hupungua na makalvati huziba. Maji yakikosa njia hupanda tuta, hukokota kokoto na udongo, na kuiacha reli ikining'inia hewani pamoja na mataruma yake. Pengo la mita chache latosha kuifunga njia ya kutoka bandarini hadi Mwanza na Kigoma.

Ndivyo ilivyokuwa mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010. Mkondoa ulifurika, maelfu ya wakazi wa Kilosa wakahamia katika mahema, na reli kati ya Kilosa na Gulwe ikakatika. Treni za kutoka pwani hazikuweza kupita kwa miezi kadhaa.

Hasara ya namna hiyo haiishii kwenye tuta. Behewa lililokwama bara halirudi bandarini kupakia shehena nyingine. Mzigo huhamia kwenye malori, nauli hupanda, na mwisho wa yote anayelipa ni mkulima na mlaji.

Reli mpya, iliyoanza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, imepitishwa katika mahandaki kwenye milima ya Kilosa. Hiyo ni hatua kubwa. Lakini reli ya zamani ingali na kazi, na mchanga haujaacha kuteremka.

Hapana budi, basi, kuanzia kwenye chanzo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Sheria hiyo ni njema, ila amri peke yake haitoshi. Uluguru ni shahidi: mwaka 1955 wananchi walipinga amri ya wakoloni ya kuchimba matuta ya ngazi, kwa kuwa waliona jasho bila kuona faida. Mkulima wa mlimani akishirikishwa, akapata miti yenye manufaa na shamba lisilomomonyoka, atailinda reli hata kama hajapata kuipanda.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa Reli ya Kati uko mlimani, nao huzibwa wakati wa kiangazi, kabla mto haujajaa.